Mitumba ya Chuma: Bunduki Zilivyofika Nyanda za Buha

Bunduki ya kiraia katika Buha, nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na vijiji vinavyozunguka Nduta, mara nyingi ilifika ikiwa imekwisha kuzeeka. Ilikotoka ilikuwa imeshapitwa na wakati, imeshabadilishwa kifaa hiki au kile, na imeshapita mikononi mwa watu wawili watatu. Wengine wameliona hilo kuwa ni dalili ya watu kuachwa nyuma. Historia inasema vingine. Kwa karibu miaka 150, aina ya bunduki ambayo Muha aliweza kuishika iliamuliwa na masoko ya Birmingham na Liège, na mikataba iliyosainiwa na watu ambao hawakuwahi kuuona Mto Malagarasi. Kwa hiyo anayetaka kuielewa shotigani kuukuu iliyoachwa na babu hana budi kuanzia mbali.

Kabla ya 1871: Buha bila bunduki

Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, kila moja chini ya Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini, pamoja na Bushingo, Luguru na nyinginezo. Ulinzi wake ulikuwa mikuki, pinde na wingi wa watu, na wahunzi wake walifua majembe na vyembe.

Bunduki zilikuwa Ujiji, pembezoni. Richard Burton na John Speke walipofika pale Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia na magumegume yao, bunduki za kuwashwa kwa jiwe. Njia kuu ya misafara ilipita Tabora na Uvinza, kwenye chumvi, ikishuka hadi ziwani. Wengi walikwepa kupanda nyanda za Buha kwa sababu ya hongo, yaani ushuru wa njia.

Henry Morton Stanley alilijua hilo Novemba 1871, alipokuwa njiani kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida, naye akalazimika kupita Buha. Msafara wake ulikuwa na bunduki za kisasa kuliko chochote kilichokuwa nchini humo, lakini alipofika kwa mtawala mmoja aitwaye Mionvu alilipa doti za nguo kwa makumi. Alipoambiwa kwamba mbele kuna watawala wengine wanaosubiri chao, alikodi kiongozi wa njia akatoroka na msafara wake usiku, kimya kimya, kupitia porini. Mwaka huo mkuki bado uliitoza bunduki kodi.

1866–1888: Mabohari ya Ulaya yamwagwa Zanzibar

Badiliko lilianzia mbali na Ujiji. Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria kwa bunduki za kujazwa kwa nyuma. Majeshi mengine ya Ulaya yalishtuka. Uingereza ilikuwa na bunduki nyingi mno aina ya Enfield, zote za kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Kuzitupa ilikuwa hasara, kuziacha ilikuwa hatari. Zikakatwa nyuma ya mtutu na kufungwa mtambo uliobuniwa na Jacob Snider, Mmarekani. Ndivyo jeshi la dola kubwa kuliko zote lilivyotembea na bunduki za viraka hadi ilipokuja Martini-Henry mwaka 1871.

Bunduki ambazo hazikufaa hata kuwekwa kiraka zilihitaji mnunuzi. Mafundi wa Birmingham na wa Liège, Ubelgiji, walizinunua kwa jumla, wakazipunguza mitutu, wakazibadilishia vitako na kuzipakia melini kuelekea Afrika. Pamoja nazo walitengeneza nyingine mpya za bei ya chini, kwa ajili ya soko hilo hilo. Zanzibar ikawa lango. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Bara, mzigo huo uliibadilisha mizani. Mirambo wa Urambo aliunda nguvu yake kwa rugaruga, wapiganaji wake wenye bunduki, na kuitawala njia ya Tabora hadi alipofariki Desemba 1884. Ujiji na mwambao wa Tanganyika vilikuwa mikononi mwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mshirika wa Tippu Tip. Biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikwenda na baruti. Nyanda za Buha zilikuwa jirani na moto huo, na bunduki zikaanza kupanda kutoka ziwani moja moja, mkononi mwa mwindaji wa ndovu, mfanyabiashara, au mtu wa Mwami.

1890–1916: Mkataba wa Brussels

Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza ziliuzingira mwambao, katikati ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kuzuia silaha na watumwa. Miezi 19 baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalisaini Mkataba wa Brussels. Watu wanaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Kwa historia ya bunduki, vifungu vyake vya silaha ndivyo vilivyoacha alama ya kudumu.

Mkataba ulichora ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na kupiga marufuku silaha zisiingizwe humo ila kwa ruhusa. Bunduki za kulenga mbali, zenye mtutu wa mifuo, na zile za kujazwa kwa nyuma zilibaki kwa serikali na kwa watu wachache wenye dhamana. Mwafrika wa kawaida aliachiwa mlango mwembamba: gumegume lisilo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara, navyo vitoke katika ghala la serikali.

Maana yake ni hii. Wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikibuni baruti isiyo na moshi na bunduki za risasi nyingi, sheria ya kimataifa iliamua kwamba mkulima wa ukanda huu abaki na chombo cha enzi za Napoleon. Gobore, bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomoni, lilidumu Buha kwa vizazi kwa sababu ndilo pekee lililoruhusiwa, na mafundi wa vijijini wakajifunza kulitunza.

Wajerumani waliitekeleza sheria hiyo kwa mkono wa chuma. Walifungua kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, na baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 hawakutaka tena kuona bunduki mikononi mwa raia kusini mwa koloni. Hata askari wao wenyewe hawakuaminiwa kirahisi. Vita Kuu ilipoanza 1914, wengi wao bado walibeba Mauser za mwaka 1871, ambazo kila zikifyatuliwa hutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali ulipo. Ilikuwa mitumba ya jeshi la Ujerumani, iliyoletwa kutumika Afrika. Reli ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Julai 1916 Wabelgiji waliuteka mji huo, na Buha ikakaa chini yao hadi ilipokabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921.

1921–1961: Kibali cha Bwana Shauri

Hati ya udhamini iliyoipa Uingereza Tanganyika ilimtaka mtawala asimamie kwa ukali biashara ya silaha na ya pombe kali. Viwili hivyo viliwekwa katika kifungu kimoja, jambo linaloonyesha jinsi Mwafrika alivyotazamwa. Kibali cha bunduki kilitoka bomani, kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, na neno la mtawala wa jadi lilikuwa na uzito. Kwa miaka mingi kibali hicho kwa Mwafrika kilimaanisha gobore. Bunduki ya marisau ya kujazwa kwa nyuma ilikuwa ya mzungu, ya mmisionari, ya Mhindi mwenye duka, au ya mtawala aliyeaminiwa.

Wakati huo huo serikali ilikuwa inaongeza haja ya bunduki bila kukusudia. Katika miaka ya 1930, ili kupambana na malale, iliwahamisha watu wa mapori ya Kibondo na Kasulu na kuwakusanya katika makazi makubwa. Ugonjwa ulipungua, lakini mashamba yaliyoachwa yakawa pori. Pori likaleta nyani, ngiri na nguruwe mwitu hadi ukingoni mwa mahindi na mihogo. Mkulima aliyekuwa na majirani pande zote sasa alikuwa na msitu upande mmoja, na mwenye gobore akawa mtu wa kutafutwa na kijiji kizima.

Fedha ya kununulia ilitoka mbali. Waha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa maelfu. Kuanzia 1944 shirika la kuajiri la wenye mashamba, SILABU, liliwakusanya Kigoma na kuwapakia kwenye treni. Aliyerudi alileta nguo, baiskeli, bati, na akiba. Miaka ya 1950, masharti yalipolegea kidogo, baadhi ya Waafrika wenye nafasi walianza kupata shotigani ya kweli.

Iliyojulikana sana katika makoloni ya Waingereza ni ya kampuni ya W. W. Greener ya Birmingham: mtutu mmoja, kipenyo cha 12, na mtambo wa Martini unaofunguliwa kwa wenzo ulio chini ya mkono. Wenzo ukishushwa, ganda hutoka. Fundo jingine, yaani risasi ya shotigani, hutiwa kwa kidole, wenzo hupandishwa, na bunduki iko tayari. Haina vikorombwezo. Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza 1952, Home Guard, walinzi wa vijiji wa upande wa serikali, walikabidhiwa Greener hizo hizo. Nyingine zilizozunguka Afrika Mashariki ziliuzwa na walowezi, au zilipita katika maduka ya Nairobi kama Shaw & Hunter na Charles Heyer, ambayo yaliuza bunduki na kuzitengeneza.

Utepe juu ya mtutu

Tuisogelee sasa bunduki yenyewe. Shotigani ya mitutu miwili haishikani kwa mitutu kulala ubavu kwa ubavu tu. Kati yake hupita tepe mbili za chuma, moja juu na moja chini, zilizounganishwa kwa lehemu. Wa juu una kazi ya pili: ndio barabara ya jicho, kutoka chemba hadi kwenye shanga ndogo ya shaba iliyo mdomoni. Bunduki ya mtutu mmoja, kama Greener, haikuuhitaji utepe huo ili kushikana, kwa hiyo nyingi zilitoka kiwandani na shanga peke yake.

Marekani ndiko utepe ulikogeuka kuwa biashara inayojitegemea. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati alisajili hataza ya kisahani cha udongo cha kurushwa hewani badala ya njiwa hai. Mchezo huo ukaenea, na wachezaji wakafyatua mafundo mamia kwa siku. Mtutu ulipata moto, hewa ya moto ikacheza juu yake, na shabaha ikaonekana inatikisika. Dawa yake ikawa utepe ulioinuliwa juu ya vijiguu vifupi ili hewa ipite chini yake. Viwanda viliutoza bei ya ziada, kwa hiyo wengi walinunua bunduki yenye mtutu mtupu, na baadaye wakaipeleka kwa fundi wa nje. Winchester Model 12, iliyotoka mwaka 1912 na kutengenezwa karibu milioni mbili hadi 1964, ilikuwa mteja mkubwa wa huduma hiyo. Kampuni ya Simmons ya Kansas City, Missouri, ilijijengea jina kwa kufunga tepe za namna hiyo juu ya bunduki za watu. Leo wanunuzi wa bunduki za kale huko bado wanabishana: mmoja anasema utepe uliofungwa baadaye umeharibu asili, mwingine analipa zaidi kwa sababu ya jina la fundi.

Buha haikuhitaji utepe huo. Mwenye Greener na mafundo matano kwenye mfuko wa koti hafikishi mtutu kwenye joto hilo. Anafyatua mara moja, nyani wanakimbia, naye analihesabu lile ganda tupu kama hasara. Viraka vya huku vilikuwa vya kuzuia kifo: kitako kilichopasuka kikafungwa kwa ngozi mbichi iliyoachwa ikauke na kubana, springi iliyochoka ikabadilishwa, gumegume likageuzwa kuwa la fataki. Kule fundi aliongeza ili mtu apate pointi zaidi, na huku fundi aliongeza ili bunduki ifike msimu ujao.

Kitu kimoja kilikuwa sawa pande zote, nacho ni ukaguzi wa mnunuzi. Mwenye ujuzi huvua mitutu miwili kutoka kwenye kitako, huining'iniza kwa kidole kimoja, na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu iko nzima. Ikitoa sauti butu, utepe umeachia na kutu imeshaingia mahali pasipofikika. Kisha hutazama mihuri chini ya mitutu. Birmingham ilikuwa na nyumba yake ya kupima nguvu za bunduki tangu 1813, na muhuri wake husema kama mtutu ulipimwa kwa baruti nyeusi ya zamani au kwa ile isiyo na moshi. Mwisho hupima chemba. Bunduki nyingi za kale zilichongwa kwa ganda la milimita 65, ilhali mafundo ya leo kwa kawaida ni ya 70. Fundo refu huingia vizuri kabisa, lakini likifyatuliwa hukosa nafasi ya kufunguka na kuubana mtutu. Uzembe huo umepasua mitutu na kuwakata watu vidole.

1961–1992: Uhuru, vijiji na mapori mapya

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika kibali, lakini masharti hayakulegea. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia wananchi katika vijiji vilivyopangwa kando ya barabara, kabla ya sehemu kubwa ya nchi. Kwa bunduki, yaliyotokea miaka ya 1930 yalijirudia. Mashamba ya zamani yalirudi kuwa pori, na wanyama waharibifu wakasogea. Septemba 1973 serikali ilisimamisha uwindaji wote nchini, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1978. Mashariki ya Kibondo, Moyowosi na Kigosi yalifanywa mapori ya akiba. Mwenye gobore ambaye baba yake aliitwa mwindaji sasa aliweza kuitwa jangili, kwa silaha ile ile na katika pori lile lile.

Viwanda navyo vilibadilika. Mwaka 1965 Greener iliuzwa kwa jirani yake wa Birmingham, Webley & Scott. Kutoka Urusi zikaja Baikal za Izhevsk, imara na za bei nafuu, ambazo zilienea katika nchi nyingi za Afrika. Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991 ikaweka utaratibu mpya wa leseni.

1993–2013: Kivuli cha bunduki za kivita

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka. Katika miaka iliyofuata Kibondo ilipokea kambi za Mtendeli, Kanembwa, Karago, Mkugwa na Nduta, na Kasulu ikapokea Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Wengi mno walifika na mkeka na sufuria tu. Lakini vita vya Burundi, Rwanda na Kongo vilimwaga bunduki za kivita aina ya SMG katika ukanda mzima, na wachache walizitumia kwa ujambazi. Kulikuwa na wakati ambapo mabasi ya Kibondo na Kasulu hayakusafiri bila kusindikizwa na askari.

Hapo ndipo bunduki ya mkulima ilipopoteza heshima yake. Zamani mwenye bunduki alikuwa mlinzi wa mahindi, sasa alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Serikali za ukanda huu zilikutana Nairobi Machi 2000 zikatoa azimio dhidi ya silaha ndogo haramu, na Aprili 2004 zikalifanya itifaki yenye nguvu ya kisheria: kila silaha ipigwe alama, iandikwe na ifuatiliwe. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kusaka wahamiaji haramu na silaha. Oktoba mwaka huo ilifuata Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, iliyosimamishwa baada ya wiki chache kutokana na malalamiko ya mateso kwa raia, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao.

2015 hadi leo: Bunduki ya marehemu

Mwaka 2015 ulileta mambo mawili. Bunge lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Na Oktoba, baada ya machafuko kuzuka tena Burundi, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya. Sheria hiyo inamlazimu mmiliki kuwa na leseni iliyo hai na silaha iliyosajiliwa, na fundi naye hawezi kuifanyia kazi bila ruhusa. Enzi ya kila kijiji kuwa na mtu wake wa kutia viraka imekwisha, angalau kwenye karatasi.

Kilichobaki ni bunduki zenyewe, maana chuma hudumu kuliko mwenye nacho. Mtutu uliofuliwa Birmingham kabla ya Uhuru unaweza kuwa umezungushiwa gunia darini huku leseni yake imeliwa na mchwa na mwenyewe amezikwa. Watoto huiona kama kumbukumbu ya mzee. Kisheria, bunduki hairithiwi kama shamba: mwenye leseni akifariki, silaha hupelekwa polisi kwanza, na anayeitaka huomba kibali kwa jina lake.

Bunduki hizi ziliingia Buha kupitia milango iliyofunguliwa na wengine, na kila kizazi kilizifanyia marekebisho kadiri kilivyoweza. Hilo ni sehemu ya historia yetu na linastahili kuandikwa. Lakini kuihifadhi historia si kuificha bunduki darini. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa wa kusalimisha silaha haramu bila adhabu, na Tanzania imewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo. Kama kwenu kuna gobore au shotigani ya marehemu isiyo na hati, usiijaribu na usimpe mtoto aichezee. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, ulizeni polisi utaratibu, kisha kaeni na wazee wawasimulie ilikotoka mkaandike.